Mguu wa Tano

Mguu ule sikuuweka mimi. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima unaamini meza ya mama imesimama kwa sababu ya ule mguu, na aliyewaaminisha ni mjomba wangu. Mjomba akishasema kitu mara mbili, hata yeye mwenyewe anakiamini.

Meza ile ina miguu minne, miwili huku na miwili kule. Katikati hakuna kitu. Nilitaka pasiwe na kitu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Meza ndefu yenye mguu katikati anatengeneza yeyote, hata Kiroboto, mdogo wangu, ambaye mpaka leo lazima aguse msumeno ndiyo ajue upande wenye meno.

Ngoja nianzie pale panapoeleweka.

Mama ni fundi cherehani, chumba chetu cha mbele ndiyo ofisi yake. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri tangu alipoteleza bafuni, kwa hiyo hawezi kusimama akikata nguo kama mafundi wengine. Anakaa kwenye stuli ya magurudumu, ile ya saluni, kinyozi wa jirani alimpa alipobadilisha zake. Anajisukuma kwa mguu mzima, anateleza toka mwisho huu wa meza mpaka ule, mkasi mkononi, kitambaa kinafunguka nyuma yake. Ukimwona utadhani anaendesha kitu cha bei. Sasa weka mguu katikati ya meza uone. Anateleza vizuri, anateleza, halafu goti bovu, paa. Ndiyo maana katikati hapatakiwi mguu. Siyo urembo, siyo ujuaji wangu.

Meza ya zamani ilikuwa ubao mmoja mnene kama tofali, na aliyeileta ni mjomba huyo huyo. "Huu ni mti wa maana, dada," alisema. "Hapa watakatia nguo wajukuu zako." Wajukuu hawajafika, ubao umeshalegea. Ukiweka roli ya uzi pembeni inabingirika yenyewe mpaka katikati, inatulia pale kama maji shimoni. Mkasi unateleza kwenda katikati. Kitambaa ndiyo kibaya zaidi, kwa sababu kinajivuta polepole na huoni. Mama anapanga tabaka nyingi, anakata kwa pamoja, la juu linatoka saizi hii na la chini saizi ile. Halafu mteja anarudi na shati, mkono mmoja umeishia kwenye kifundo na mwingine umemeza vidole, na mama anaomba radhi. Anafumua, anashona upya, anaomba radhi tena. Kosa la ubao, radhi ya mama. Hilo lilikuwa linanikera kuliko nilivyoweza kusema.

Na mjomba je? Mjomba anakodisha viti vya plastiki. Arusi, msiba, mkutano, popote watu wanapokaa, wanakalia viti vyake, ndiyo maana mtaa unamwita Mwenyekiti. Yeye anadhani ni heshima. Viti vimejaa kwake mpaka sebuleni, mpaka koridoni, mkewe anapika huku viti vinamchungulia. Basi tangu nimalize shule, jicho lake likawa kwenye banda letu la nyuma. Banda ni la baba, lina zana zake. Baba ni dereva wa malori ya safari ndefu, akirudi anakuwa ameshasahau mswaki wake unakaa wapi, na zana alinikabidhi mimi. Nashinda mle. Nikikaa ndani ya nyumba miguu inawasha.

"Banda limekaa bure," mjomba akasema siku moja, ameketi kwenye kiti cha mteja. "Na kijana amekaa bure. Viti viingie bandani, kijana aje kwangu abebe viti. Wote mmepona."

Alisema "mmepona" kama vile tulikuwa tunaumwa.

"Mimi sijakaa bure," nikasema. "Namtengenezea mama meza. Haitakuwa na mguu katikati na haitalegea."

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Kwa mbao gani? Ya chuma?"

"Mbao nyembamba."

"Nyembamba." Akamgeukia mama. "Dada, huyu mlimpeleka shule gani?"

Mama alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa pini, ndiyo akasema, "Atengeneze. Ikinyooka, banda ni lake na usiniulize tena. Ikilegea, kaka, lete viti vyako."

Yakawa ndiyo makubaliano. Kinyozi alikuwepo, Kiroboto alikuwepo, hata yule mama aliyekuja kupunguza gauni alikuwepo.

Sasa mtu atauliza nilitoa wapi hiyo akili. Niliitoa kwenye mlango. Kuna ofisi walibadilisha milango wakatupa ya zamani, nikabeba mmoja nikijua nimepata mbao ya bure. Mwepesi ajabu, Kiroboto aliubeba kichwani akiimba. Nilipouweka juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, nikapanda juu, nikatembea, haukushtuka. Nikaupasua. Ndani hamna mbao. Kuna makaratasi magumu yamekunjwa vyumba vyumba kama sega la nyuki, na ngozi mbili za mbao nyembamba, moja juu moja chini, zimegandishwa na gundi. Basi. Niliudhika. Miaka yote ya shule nafungua milango na kufunga milango, nimeegemea milango nikisubiri adhabu, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia ndani mna nini.

Ukielewa, ni kitu rahisi. Ubao unapotaka kulegea, upande wa juu unajibana na upande wa chini unajivuta. Sasa ukichukua mbao mbili nyembamba, ukaziweka mbali mbali, na katikati ukajaza vipande vya kuzizuia zisikaribiane wala zisitelezane, hiyo ya juu haipati nafasi ya kujibana, na hiyo ya chini haipati nafasi ya kujivuta. Zimekamatana mikono. Uzito umepungua, ugumu umeongezeka. Mjomba nilimweleza hivi hivi, kwa Kiswahili hiki hiki, akaniambia niache kutumia maneno ya redio.

Sikutumia karatasi kama za mlango. Nilipasua vipande vyembamba vya mbao, vyote upana mmoja. Hapo ndipo nilipotoka jasho, kwa sababu kimoja kikizidi kidogo kinainua ngozi, kikipungua kinaacha shimo. Nikavipiga randa vikiwa vimebanwa pamoja, vyote kwa mkupuo mmoja, ili kama ni kukosea vikosee sawa. Halafu nikavikata pengo nusu kwa nusu, vya marefu na vya mapana, vikaingiliana kama vile vigawanyo ndani ya kreti la chupa. Nikapata wavu wa vyumba vya mraba. Juu plaiwudi, chini plaiwudi.

Lakini kitu cha namna hii kina tabia moja mbaya. Kikikauka kimepinda, kimepinda maisha. Huwezi kukinyoosha baadaye, ugumu wake ndiyo unakukatalia. Na sakafu ya banda letu ni ya vilima na mabonde. Basi nikalaza boriti mbili zilizonyooka, nikazinyanyua kwa kabari huku na kule, nikaomba uzi kwa mama.

"Wa rangi gani?" akauliza.

"Wowote."

"Mwekundu unaonekana vizuri," akasema, akanipa.

Nikavuta nyuzi mbili toka kona kwenda kona, zikakatana katikati kama alama ya kukosea. Zikiachana hapo katikati, boriti zimepindana. Zikigusana kidogo tu, bila moja kuisukuma nyingine, uko sawa. Nilipiga kabari, nikainama, nikapiga, nikainama, mpaka nyuzi zikagusana. Kiroboto amekaa mlangoni anakula karanga. "Unasujudia mbao," akasema.

Siku ya gundi ndiyo siku ya vituko.

Gundi ya mbao inataka kukandamizwa mpaka ishike, kila sehemu. Vibanio vya baba havikutosha hata robo. Nikapanga ndoo za mchanga, pasi za mama za mkaa, mawe ya kusagia, bado kulibaki upande mzima mtupu. Chini ya paa letu kulikuwa na viti vya mjomba, alivileta akisema ni vya kupita tu, vimepita pale wiki na wiki. Vimepangwa minara minara. Nikavipandisha juu ya ubao. Vizito vile, na vinakaa vizuri. Nilijisifu, kwa kweli.

Gundi haijashika hata kidogo, mjomba huyo na mkokoteni.

"Viti vyangu vinafanya nini huko juu?"

"Vinakandamiza, mjomba. Niachie mpaka mchana tu."

"Watu wana mkutano wao, wamesimama wananisubiri, wewe unataka viti vikukandamizie?"

"Mpaka mchana tu, nakuomba."

"Injinia," akasema, hapo ndipo alipoanza kuniita injinia, "kiti kazi yake ni kukaliwa." Akaanza kuvishusha. Mnara wa kwanza, wa pili, na mimi naona kwa macho yangu ngozi ya juu inaanza kuinuka pembeni, gundi inavuta nyuzi nyeupe kama mate. Na anashusha taratibu, anavifuta vumbi, kimoja kimoja.

Nikaita nyumba nzima. Mama akaja akichechemea na kanda ya kupimia shingoni, Kiroboto akaja na karanga zake, nikakimbia kwa kinyozi, nikamwambia naomba makalio yako. Akaniangalia vizuri kwanza. Halafu akaja, na mteja wake akaja naye, kichwa kimenyolewa upande mmoja, shuka la saluni limefungwa shingoni, hakutaka kubaki peke yake kwenye kiti. Nikawapanga. Mama mwisho, kwa sababu ya goti, kinyozi katikati ya upande ulioinuka, mteja kando yake, Kiroboto kona. Na mimi.

"Hakuna kucheza," nikasema.

"Kupumua je?" kinyozi akauliza.

Tulikaa pale kama watu wanaosubiri daktari. Kinyozi akamalizia kumnyoa mteja wake hapo hapo juu ya ubao. Mama akatuma aletewe kazi yake ya mkono, akashonea vifungo. Mjomba alipita na mkokoteni umejaa viti, akatuona, akatikisa kichwa. Watu tumekaa juu ya ubao anaoucheka na viti vinaenda matembezi. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanapiga kengele, lakini sikuthubutu kuinuka.

Gundi ikashika. Siku iliyofuata nikaondoa kila kitu, nikavuta uzi mwekundu juu ya ubao toka mwisho hadi mwisho. Ulilala umenyooka, hapakuwa na pengo chini yake. Tukaubeba mimi na kinyozi, tukauweka chumba cha mbele juu ya miguu minne. Mama akachukua roli ya uzi, akaiweka pembeni, akasubiri. Haikwenda kokote. Akaisogeza katikati, haikwenda kokote. Akaiweka kona ile nyingine. Akavuta stuli, akafungua kitambaa cha sare za shule, oda kubwa aliyokuwa anaiogopa, akaanza kukata, anateleza toka mwisho huu mpaka ule, na magurudumu yanalia kwi kwi kwi.

Mimi nilidhani yameisha.

Mjomba akaja, akakunja kidole, akagonga ubao. Ngo, ngo. Akagonga tena sehemu nyingine, ameinamisha sikio.

"Tupu," akasema.

"Ndani mna vyumba, mjomba. Inatakiwa iwe hivyo."

"Tupu ni tupu. Umemtengenezea mama yako ngoma." Akaniwekea mkono begani, kwa upole, upole wenyewe ndiyo ulionichoma. "Leo imenyooka. Sikatai. Hata mimi nikiwa mpya nilinyooka. Ngoja ibebe."

"Inabeba sasa hivi."

"Inabeba kitambaa," akasema, akaenda zake.

Kesho yake mama akanituma zipu na vifungo. Siku hizi najiuliza kama mjomba alikuwa amejificha mahali akisubiri nitoke. Narudi, nasikia mwiko unakwangua. Naingia, namkuta amepiga magoti chini ya meza, mikono imejaa simenti. Amechimbua sakafu. Amesimamisha kipande cha nguzo, nguzo ya uzio ile, bado ina misumari iliyopinda, moja kwa moja katikati ya meza, na anakimwagia zege chini.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Nakuokoa," akasema, hata hakugeuka.

"Meza haitaki mguu."

"Haijui inachotaka. Umeipima mzigo? Hukupima. Mimi nimeangalia, jicho langu ni rula, nikakata, nikaleta. Mama yako akiwa hapo chini, hiyo ngoma yako ikipasuka, utasema nini?"

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anaitazama pasi.

"Mama."

"Mwache," akasema.

Jioni nilimfuata jikoni, nikamwambia nitakavyomwambia mtu yeyote, kwamba ule mguu haufanyi kazi yoyote zaidi ya kuliua goti lake. Akaendelea kuchambua mchele.

"Nilipoanguka bafuni," akasema, "baba yako alikuwa safarini. Nani alinipeleka hospitali?"

Najua nani.

"Kwenye mkokoteni wa viti, mimi nimelala juu, yeye anasukuma na viatu vya kulalia. Njia nzima anawafokea watu wapishe. Sasa nimwambieje aondoe mguu wake?"

"Mwambie aondoe mguu wake."

"Wewe una mdomo mwepesi kwa sababu hukuwa mgonjwa."

Basi. Wiki ile nilisikia kila alipougonga. Hakulalamika, alikuwa anavuta hewa kwa meno, ssss, halafu anazunguka na stuli upande wa pili. Kazi ya kuteleza mara moja ikawa ya kuzunguka. Oda ya sare ikaanza kuchelewa. Na barabarani mjomba anahubiri. Kwa kinyozi anasema, dukani anasema, "Ile meza ya dada yangu, bila mguu wangu ingekuwa mapajani mwake." Watu wakawa wanaingia kuona mguu. Mguu, siyo meza. Mtu mzima anainama, anashikashika nguzo ya uzio yenye misumari, anasema, "Hapa Mwenyekiti amefikiri."

Halafu akaleta hesabu yake ya mwisho. Alisimama mlangoni hata hakuingia. "Dada, tulikubaliana isimame bila mguu. Sasa ina mguu. Kwa hiyo haikusimama. Jumamosi naleta viti bandani."

Nikasema, "Mguu umeuweka wewe."

"Kwa sababu ulihitajika."

"Ulihitajika na nani?"

"Ungekuwa hauhitajiki, ningeuweka?"

Nimelala na sentensi ile, nimeamka nayo. Igeuze utakavyo, haina mlango.

Kiroboto ndiye aliyepata mlango. Ana kazi ya kuokota vipande vya vitambaa chini ya meza, anajishonea midoli. Ijumaa mchana yuko huko chini, namsikia anacheka peke yake.

"Kaka, njoo uone. Mguu wa mjomba umelala kazini."

Nikaingia chini. Ameshika kipande cha jinzi, amekikunja mara mbili. Akakichomeka kati ya kichwa cha nguzo na tumbo la meza, akakivutia upande wa pili. Kikapita. Akarudisha. Kikapita. Anasugua kama mtu anayesafisha meno.

Nilibaki nimepiga magoti pale. Mjomba alipima kwa jicho, si ndiyo. Halafu akasimamisha nguzo kwenye zege bichi, akaenda zake, na nguzo nzito ile ikazama usiku ule polepole kama mtu kwenye tope. Mguu ulikuwa haugusi. Wiki nzima mtaa unausifu, mama anaugonga, mimi silali, na mguu hata haugusi meza.

Nikainuka nikimbie barabarani niwaambie wote, nianze na kinyozi. Kiroboto akanishika suruali.

"Ukimwambia leo, kesho ataleta kabari," akasema. "Mwache alete viti."

Kwa nini huyu mtoto ndiye wanayemwita mtundu na mimi ndiye wanayeniita injinia, sijui.

Jumamosi mjomba akaja asubuhi, mkokoteni umejaa, kinyozi anamsaidia kusukuma. Nikasimama mlango wa banda.

"Pisha, injinia."

"Mjomba, neno moja tu. Kwa nini meza ilihitaji mguu?"

"Ili ibebe."

"Ibebe nini? Tuoneshe. Viti unavyo."

Nilijua hataweza kukataa, kinyozi yupo na watu wawili wameshasimama. Akaingia chumba cha mbele, mama akarudisha stuli nyuma na kukunja kitambaa chake kifuani. Mjomba mwenyewe, kwa mikono yake, akapanga viti juu ya meza, mnara mmoja, mwingine, mwingine, akiirundika katikati, hasa katikati, juu ya mguu wake. Mpaka minara ikakaribia dari. Akapiga makofi kutoa vumbi.

"Sasa semeni," akasema. "Bila ule mguu, hii ngoma ingebeba?"

"Isingebeba," mtu akasema.

Kiroboto ameshaingia chini. Na hapo, nisidanganye, niliogopa, kwa sababu ule mzigo haukuwa mchezo na hakuna kitu duniani kisichoshuka hata kidogo. Nilimwona anachomeka jinzi iliyokunjwa. Ikakwama. Akaikunjua, akaweka tabaka moja. Ikaingia kwa kusugua kidogo, ikatokea upande wa pili. Akaivuta kwenda, akaivuta kurudi.

"Mjomba," akasema kutoka chini, "mguu wako unabeba nini?"

Kinyozi akainama. Akaomba hiyo jinzi, akaivuta mwenyewe. Yule mtu aliyesema isingebeba akainama naye, akaivuta. Hakuna aliyecheka, nadhani ndiyo ilikuwa mbaya zaidi kwa mjomba. Akapiga magoti, polepole, akaweka jicho pale kwenye mwanya. Mwanga unapita.

"Zege limenywea," akasema.

"Limenywea lini?" nikauliza.

"Nitaweka kabari."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo, na nilikuwa na mengi, yalikuwa yamepanga foleni tangu siku ya gundi. Mama akanitangulia. Alijisukuma na stuli mpaka mbele ya kaka yake, yeye amekaa, mjomba amepiga magoti, nyuso zikawa sawa.

"Kaka," akasema, "ule mkokoteni siusahau. Hata nikizeeka sitausahau. Lakini goti ni lile lile ulilolisukuma, na limeugonga mguu huu wiki nzima. Uondoe."

"Dada, mimi nilikuwa naogopa tu ikuangukie."

"Najua. Uondoe."

Sauti haikupanda hata kidogo. Mjomba akanitazama, akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kushikwa mkono. Alikuwa anataka msumeno.

Aliukata mwenyewe, amelala ubavu chini ya meza, viti vyote bado viko juu. Sikumwambia avishushe. Mtu aliyekuwa anaogopa meza itamwangukia dada yake alilala chini yake akaukata mguu aliosema ndio unaoishikilia, na meza haikutikisika, na yeye hakutoka kwa hofu. Ina maana aliamini. Ina maana ndani ya moyo wake alishaamini, pengine tangu siku ya kwanza ya roli ya uzi. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Viti vikarudi kwenye mkokoteni. Banda likabaki langu. Mama akamaliza sare, akazipanga mikono yote sawa, mteja akazichukua bila kufungua mdomo, na mama hakuomba radhi kwa mtu.

Lakini mjomba aliukata mguu kwa jicho lake, kwa hiyo kwenye sakafu kilibaki kisiki na donge la zege, na gurudumu la stuli linakipanda, kwi kwi, tuk. "Nitakuja na nyundo," alisema. Hajaja. Nimelitoa mimi, kwa patasi, asubuhi nzima, vipande vinaniruka machoni. Na nikiwa hapo sakafuni, nasikia sauti yake nje kwa kinyozi.

"Yule kijana ana mkono," anasema. "Mimi ndiye niliyemwambia ajaribu mbao nyembamba."

Kinyozi akaendelea kunyoa. Mashine ilikuwa inanguruma.

Kile kipande cha nguzo sikukitupa. Mlango wa banda una tabia ya kujifunga na upepo, nikakiegemeza pale. Angalau pale kinabeba kitu. Juzi mjomba alikuja kuniuliza kama naweza kumtengenezea majukwaa mepesi ya kukodisha, kama ile meza, ila niweke mguu katikati kwa usalama. Nikamwambia nitafikiria. Akawa anatoka, akakiona kile kipande mlangoni, akakigusa kwa ncha ya kiatu, akafurahi kabisa.

"Si unaona," akasema. "Nilikwambia ule mguu una kazi."